Kontrakta kanijengea bafu, sasa ukuta unalowa na marumaru zinainuka. Yeye anasema ni chumvi ya Dodoma

BintiNkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu kabla sijafanya uamuzi wa hasira.

Nyumba ipo Nkuhungu, haina ghorofa, tofali za saruji za inchi 6. Maji ya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) yanaingia kwenye simtanki la lita 2000 lililo juu ya mnara wa mita 3, kisha yanashuka ndani. Kuna pampu ndogo ya presha kwa ajili ya bafu. Nilimpa kontrakta kazi ya kugeuza stoo iliyopakana na chumba kikubwa iwe bafu na choo cha ndani: mabomba mapya ya PPR (ya plastiki, yanayounganishwa kwa kuchomwa), marumaru, heta ya maji, dirisha dogo. Tuliandikishana karatasi moja, jumla shilingi 4,800,000. Nimeshalipa 3,600,000 kwa M-Pesa, bado 1,200,000.

Hali ilivyo: ukuta kati ya bafu na chumba umelowa upande wa chumbani, kuanzia sakafuni hadi kama sentimita 60. Rangi imetoa malengelenge na kuna unga mweupe. Kwenye korido, ambako hakugusa kitu, marumaru tano zinalia uwazi ukizigonga na mbili zimeinuka katikati kama hema. Kona ya dirisha la bafu kuna ufa wa mshazari, kadi ya benki inaingia kwa ukingo.

Kontrakta anasema hiyo ni chumvi ya ardhi ya Dodoma na nyumba "inakaa", yaani inashuka kidogo kwenye msingi wake. Anataka 900,000 nyingine avunje plasta na apake dawa ya chumvi. Jirani ananishauri nilete fundi mwingine avunje kesho. Nimpe nani sikio? Na ile 1,200,000 niishike?

Valvu_Nzuguni

Dada, usivunje na usimruhusu yeyote avunje. Ukishavunja bila kupima, umetupa ushahidi: fundi mpya atakuambia bomba lilikuwa linavuja, wa zamani atasema mmelitoboa nyinyi, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Kwanza kabisa umeme. Kama kwenye ukuta huo kuna soketi, swichi au waya wa heta, zima breka yake sasa hivi. Ukuta ukikutekenya kidoleni ukiugusa, zima breka kuu usiku huuhuu. Halafu umwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) apime waya kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye waya) ya volti 500, akitenganisha kwanza vifaa vyote. Ikisoma chini ya megaomu 1, saketi hiyo isiwashwe.

Sasa maji. Watu wengi watakwambia angalia mita ya DUWASA kama inazunguka. Kwako haitasaidia sana, kwa sababu mita inapima maji yanayopanda kwenye tangi tu. Bomba la ndani linakunywa kutoka kwenye tangi, kwa hiyo kipimo chako ni tangi lenyewe. Fanya hivi jioni: zima pampu, funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, funga bomba zote za ndani pamoja na zile koki ndogo zilizo ukutani chini ya sinki na nyuma ya tenki la choo. Tenki la choo likipitisha maji kidogokidogo litakudanganya. Panda juu, shusha ufito mkavu hadi sakafu ya tangi, tia alama maji yalipofika. Asubuhi rudia kabla mtu hajagusa maji.

Hesabu yake: pima kipenyo cha tangi kwa futi kamba. La mita 1.25, kila sentimita 1 ya kushuka ni takriban lita 12. Likishuka, usiku wa pili rudia ukiwa umefunga koki ya kutoa maji palepale chini ya tangi. Likishuka bado, tangi au koki yake ndiyo mbovu. Usiku wa tatu fungua hiyo, funga valvu ya bafu jipya peke yake. Hapo utajua tatizo liko upande gani wa valvu bila kutoboa hata plasta.

Kitu kingine: mnara wa mita 3 pamoja na kina cha maji unakupa presha ya kama baa 0.4 tu. Pampu ikiwaka inaweza kufika 2 au 3. Kiungo kibovu kinaweza kutulia usiku kwenye 0.4 kisha kikatema maji mchana. Kwa hiyo sikiliza pampu. Kama inajiwasha yenyewe na kujizima huku hakuna bomba lililofunguliwa, maji yanatoka mahali.

Mkwawa_wa_Kizota

Mnampotezea muda. Nenda polisi, alale ndani siku mbili, pesa itarudi na riba.

Zege_Ihumwa

Polisi nawaachia wengine. Mimi niseme chumvi na ufa, maana kontrakta hapo amechanganya ukweli na ujanja.

Ni kweli kuta za Dodoma zinaliwa na chumvi, hasa nyumba zilizojengwa bila ile nailoni nyeusi ya DPC, inayozuia unyevu kupanda, juu ya msingi, au ambazo plasta ya nje imeshuka hadi ikagusa udongo na kuiruka DPC. Lakini chumvi inayopanda kutoka ardhini ina tabia yake. Inatembea na ukuta mrefu, mara nyingi kuta za nje, na mstari wake wa juu unakaribia kulingana pembeni zote. Ilikuwepo kabla ya bafu, na kiangazi inakauka na kubaki unga. Ya kwako iko kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya bafu, na imeanza baada ya bomba jipya. Unga mweupe haumtoi kontrakta hatiani. Chumvi haitembei peke yake: maji ndiyo gari, yenyewe ni abiria. Saruji ina chumvi, mchanga una chumvi, na maji yakipita humo yanaibeba hadi usoni mwa ukuta na kuiacha hapo yanapokauka.

Chukua penseli, zungushia ukingo wa unyevu, andika tarehe na saa palepale ukutani. Piga picha yenye futi kamba ndani yake. Rudia kila siku kwa wiki moja. Kisha nenda kwenye ukuta mwingine wowote wa nyumba, sehemu isiyo na bomba, uangalie usawa uleule wa sentimita 60. Ukiwa mkavu, hoja ya chumvi ya ardhini imekosa miguu.

Ufa. Washa tochi ya simu uangalie ndani yake. Ufa wa zamani una vumbi, nyuzi za buibui, wakati mwingine rangi imeingia ndani. Ufa mpya kingo zake ni safi na rangi ya tofali inaonekana kijivu. Weka alama mbili za penseli kwenye ncha zote mbili na tarehe, kisha bandika tone la jipsamu ya unga iliyokorogwa, upana wa vidole viwili, likivuka ufa. Likipasuka, ufa bado unatembea. Kadi ya benki ina unene wa chini kidogo ya milimita 1, kwa hiyo kwa sasa ni ufa mdogo wa kuziba. Ukifika milimita 5 au ukionekana pande zote mbili za ukuta, mwite mhandisi aliyesajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi) kabla ya kuzungumza habari ya plasta.

Swali ambalo ningemuuliza kontrakta: dirisha hilo alitoboa yeye? Aliweka linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha? Linta inatakiwa ilale juu ya ukuta angalau sentimita 15 kila upande, nondo zikiwa chini. Na mifereji ya mabomba alichimba kwa kina gani? Kwenye ukuta wa sentimita 15, mfereji wa wima usizidi theluthi moja, yaani sentimita 5. Wa mlalo usizidi moja ya sita, yaani sentimita 2.5. Mafundi wengi wanapitisha grainda mlalo sentimita 5 chini ya dirisha kwa sababu ndiyo njia fupi ya kwenda kwenye heta, na ukuta unabaki nusu. Tofali likiwa la tundu ndiyo mbaya kabisa.

Marumaru za korido sitaki nikudanganye. Kuinuka kama hema mara nyingi ni kosa la aliyeziweka mwanzo: zimebanwa bila nafasi, hazikuachiwa pengo pembeni ya ukuta, gundi imewekwa mabonge matano badala ya kusambazwa kwa mwiko wenye meno. Maji chini yake yanaweza kulianzisha, lakini pia joto na baridi tu vinatosha. Inua moja iliyo karibu na mlango wa bafu na moja ya mbali. Chini kukiwa kumelowa, dai. Kukiwa kukavu, hiyo ni ya fundi wa zamani, usiipachike kwenye madai. Dai moja la uongo linaharibu manne ya kweli.

Karani_wa_Makole

@Mkwawa_wa_Kizota, hapana. Kazi mbovu ni uvunjaji wa mkataba, ni madai. Polisi wanaingia pale ambapo kuna kosa la jinai, mfano alichukua pesa akiwa hana nia ya kufanya kazi tangu mwanzo, au kaiba vifaa. Ukimpeleka kituoni kwa bomba linalovuja, kesho yake anatoka na mnakuwa maadui. Ushahidi wako bado haujakusanywa.

BintiNkuhungu, kuhusu 1,200,000: ishike, lakini usikae kimya nayo. Ukikaa kimya, yeye ndiye anakuwa mdai na wewe mdaiwa. Mwandikie barua leo. Iwe fupi: tarehe ya makubaliano, kazi iliyofanyika, kasoro ulizoziona moja moja na mahali zilipo, kwamba unazuia salio hadi chanzo kijulikane, na kwamba unamtaka afike siku fulani saa fulani kushuhudia kipimo cha presha. Mpe siku 7 za kufika na siku 14 za kurekebisha baada ya kipimo. Nakala mbili, asaini moja. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya balozi wa nyumba kumi au mjumbe wa serikali ya mtaa, kisha mtumie picha ya barua hiyohiyo kwa WhatsApp.

Kumpa nafasi ya kurekebisha si huruma. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Ila mahakama inaangalia pia njia ulizokuwa nazo za kuipunguza hasara. Ukiacha maji yavuje miezi mitatu ili deni likue, ile ya ziada hulipwi. Kwa hiyo ukishajua valvu ya kufunga ni ipi, ifunge na utumie bafu la zamani.

Mambo ya ushahidi. Meseji za M-Pesa usizifute, na omba taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako ikiwa na jina lake. Mazungumzo ya WhatsApp yanapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeyatambua, lakini tunza simu yenyewe, usitegemee picha za skrini peke yake. Sauti yake akisema "hiyo ni chumvi tu" nayo itunze, kwa sababu inaonyesha alitaarifiwa na alijibu nini.

Je, ni mkandarasi kweli? Mhuri na jina la kampuni havitoshi. BRELA (wakala wa usajili wa biashara) inasajili jina na kampuni. Ukandarasi unasajiliwa na CRB (bodi ya makandarasi), kwa aina na daraja. Muombe namba yake ya CRB uihakiki kwenye orodha ya bodi. Akiwa amesajiliwa, malalamiko yako pale yana uzito, maana anajua bodi inaweza kugusa usajili wake. Kumbuka tu bodi inamshughulikia yeye kinidhamu, fidia yako inatoka kwenye maelewano au mahakamani. Akiwa hajasajiliwa, hiyo njia haipo. Unabaki na serikali ya mtaa kwa usuluhishi na Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya fedha yatokanayo na mkataba hadi shilingi milioni 30, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na kwa dai la ukubwa wako watu wengi wanajisimamia wenyewe. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, kwa hiyo muda unao wa kukusanya vitu vyako vizuri.

BintiNkuhungu

Asanteni sana wakuu. Nimefanya mlivyosema, na majibu ni haya:

Tangi langu kipenyo ni mita 1.25 kamili. Usiku wa kwanza limeshuka sentimita 4. Usiku wa pili, koki ya chini ya tangi ikiwa imefungwa, halikushuka. Usiku wa tatu, valvu ya bafu jipya ikiwa imefungwa na nyingine zote wazi, halikushuka. Ukuta wa upande wa pili wa korido ni mkavu kabisa. Marumaru moja ya karibu na mlango wa bafu, chini yake mchanga umelowa. Zile za mbali ni kavu na zimewekewa mabonge matano vilevile alivyosema Zege.

Barua kaisaini akanuna. Anakuja Jumamosi na mjumbe atakuwepo. Nimsimamieje ili asinizungushe? Na nikatae au nikubali arekebishe mwenyewe?

Valvu_Nzuguni

Sentimita 4 ni kama lita 49 usiku mmoja, na hiyo ni kwa presha ya mnara tu. Hilo si jasho la ukuta. Bomba la presha ndani ya bafu jipya linavuja.

Jumamosi atafutwe mtu mwenye pampu ya mkono ya kupimia presha, ile yenye kisanduku cha maji na geji. Msiingize presha kwenye nyumba nzima. Fungeni valvu ya bafu, tengeni heta kwa kufungua viungo vyake na kuziba kwa plagi, toeni hozi za sinki na choo, zibeni na hapo. Toeni hewa yote kwa kufungua sehemu ya juu kabisa hadi maji yatoke bila kutema. Pandisheni taratibu hadi baa 6. Mfumo mpya ungepimwa kwa 10, lakini huu tayari una wasiwasi na tunataka kuthibitisha, si kupasua. PPR hutanuka kidogo, kwa hiyo sindano itashuka mara ya kwanza. Msipige kelele bado. Ongezeni tena baada ya dakika 10, na tena dakika 10 nyingine. Baada ya hapo acheni dakika 30 bila kugusa. Kwenye baa 6, ikishuka zaidi ya 0.2 au ikiendelea kushuka bila kusimama, kuna uvujaji. Rekodini video inayoonyesha geji, saa na nyuso za waliopo kwa mfululizo, isikatwe katikati. Mjumbe aandike usomaji wa mwanzo na wa mwisho, wote wasaini.

Kisha ndiyo mnavunja, na mnaanzia upande wa chumbani, si bafuni. Plasta na rangi ni rahisi kuliko marumaru. Fungueni tundu la sentimita 30 kwa 30 palipo na unyevu mwingi, karibu na usawa wa bomba. Tumieni tindo na nyundo ndogo, grainda ikae mbali, la sivyo itakata bomba na ugomvi uanze upya. Presha ikiwa bado ndani mtaona maji yanatoka wapi.

Sehemu za kutazama ni zile ambazo PPR inakutana na chuma, yaani adapta ya shaba nyuma ya bomba la kuogea na ya heta. Fundi akikaza kwa nguvu nyingi na uzi mwingi, plastiki inayoizunguka shaba inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Halafu elbo (viungo vya kona) za milimita 20 na 25. Kwenye joto la digrii 260, bomba la 20 linachomwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Linaingia ndani ya kiungo milimita 14 kwa la 20 na 16 kwa la 25. Linashikwa bila kuzungushwa, kisha dakika 2 kabla ya kupewa mzigo, la 32 dakika 4. Umeme ukiwa mdogo mashine haifiki joto lake na kiungo kinashika juujuu. Bomba likiwa na maji ndani, mvuke unatoboa njia kwenye uchomeaji. Akilizungusha kunyoosha elbo iliyopinda wakati limeshaanza kupoa, nje litaonekana zuri na ndani limechanika.

Kipande kibovu kikikatwa, usimwachie aondoke nacho. Kifunge kwenye mfuko, andika tarehe, mjumbe asaini juu ya mfuko. Kikipasuliwa kwa urefu kwa msumeno, kina cha kuingia kwa bomba kinaonekana kwa macho.

Arekebishe yeye au la? Mimi ningemruhusu abadilishe viungo, mradi presha ipimwe tena kabla ya kufunika, safari hii baa 10 kwa saa nzima, mabomba yakiwa wazi yanaonekana.

Zege_Ihumwa

Hapo kwa bomba nakubaliana na Valvu. Kwa ukuta na sakafu sikubaliani, aletwe mwingine. Mtu aliyekuambia ni chumvi huku akijua alichochimba hatajishitaki kwa mikono yake. Tena, plasta ikiwa wazi pima kina cha mfereji wa mlalo chini ya dirisha. Ukizidi sentimita 2.5, uzibwe kwa chokaa ya saruji 1 kwa mchanga 3, wavu wa chuma ukivuka sentimita 10 kila upande, kabla ya plasta. Mfereji ukijazwa plasta tupu, ufa unarudi palepale.

Na msimalize na bomba peke yake. Bafu jipya lina sehemu nyingine ya kuvuja ambayo pampu ya presha haioni, nayo ni sakafu. Bomba likishapona, ziba tundu la kutolea maji sakafuni kwa mpira au mfuko wenye mchanga, mwaga maji kina cha sentimita 2, weka alama, acha saa 24. Pembeni weka beseni lenye maji ya kina hichohicho, maana hewa yetu inakunywa maji. Sakafu ikipungua zaidi ya beseni, dawa ya kuzuia maji chini ya marumaru haikupakwa au iliishia kabla ya kupanda ukutani. Inatakiwa koti mbili, ipande sentimita 30 kuzunguka na hadi mita 1.8 kwenye kuta za kuogea.

Mkadiriaji_Iyumbu

Niingie kwenye pesa, maana hapo ndipo watu wanajimaliza kwa kutaja namba ya mviringo kama "unilipe milioni tatu".

Gawa karatasi mafungu matatu. La kwanza, gharama ya kuondoa kasoro yenyewe: viungo, kuvunja, kurudisha marumaru za bafuni zilizoguswa, kipimo. Hili ni lake lote na halina mjadala, ndiyo kazi uliyomlipia. La pili, uharibifu wa pembeni: plasta na rangi ya ukuta wa chumba, marumaru za korido zilizolowa chini. Hapa pima mita za mraba halisi. Ukuta wa mita 3.6 kwa kimo cha mita 1 cha kubandua ni 3.6, si ukuta mzima. Rangi ndiyo utadai ukuta wote kutoka kona hadi kona, kwa sababu kiraka kitaonekana. Marumaru za sentimita 40 kwa 40 zinaingia 6.25 kwa mita ya mraba, ongeza asilimia 10 za kuvunjika. Kama zile za zamani hazipatikani tena dukani, unadai eneo dogo linaloweza kuishia kwenye mlango au kizingiti. Korido nzima hupewi, hasa kwa kuwa za mbali umeshaona ni kosa la mwingine. La tatu ni hasara ya kawaida: maji yaliyopotea kwa uniti za bili ya DUWASA ukilinganisha na miezi ya nyuma, ada ya fundi wa umeme aliyepima, ya pampu ya presha. Leta risiti. Bila risiti fungu la tatu linakufa.

Kwa kila fungu tafuta makadirio ya mafundi wawili tofauti, yaliyoandikwa na yenye vipimo, na udai la chini kati ya hayo mawili. Ukifika kwa mwenyekiti wa mtaa au hakimu na bei ya chini mkononi, kontrakta anakosa pa kushika.

Kisha kata kwenye 1,200,000. Mfano mafungu matatu yakifika 870,000, andikeni hati kwamba salio ni 330,000. Usimpe hata hiyo yote siku hiyo. Zuia 240,000, yaani asilimia 5 ya mkataba, kama fedha ya matazamio (unayoishikilia hadi ionekane kazi imeshika) ya miezi 6, umpe 90,000. Hesabu miezi hiyo ipite ndani ya mvua zetu za Disemba hadi Aprili, kwa sababu dirisha alilotoboa halijawahi kuona mvua ya upepo. Makubaliano yenu ya kwanza hayakuwa na kipengele cha matazamio, kwa hiyo hili ni jambo la kukubaliana upya, huwezi kumlazimisha. Lakini kwa hali aliyonayo Jumamosi, atasaini. Ile 900,000 ya dawa ya chumvi mwambie aandike kwenye hati hiyohiyo kwamba ameiondoa.

BintiNkuhungu

Nimewaelewa wakuu, nimechapisha yote. La mwisho: ukuta wa chumba ukishatengenezwa naweza kupaka rangi baada ya muda gani? Fundi rangi anasema wiki moja inatosha kwa jua hili.

Zege_Ihumwa

Jua linakausha uso, katikati ya tofali bado. Ukuta uliolowa hadi ndani hukauka kwa wastani wa sentimita 2.5 kwa mwezi, na wako umefunikwa na marumaru upande mmoja, kwa hiyo unatoa unyevu kwa upande wa chumbani tu. Bandua plasta yote iliyooza hadi sentimita 30 juu ya alama yako ya penseli, acha tofali wazi, fungua madirisha. Unga mweupe uondoe kwa brashi kavu ya nywele ngumu na uuzoe. Usiuoshe, maji yanaurudisha ndani. Usipake skimu (lile koti laini la kusawazisha ukuta) wala rangi ya mafuta mapema, inafungia unyevu na utapata malengelenge yaleyale.

Ukitaka kujua umekauka, bandika nailoni safi ya sentimita 50 kwa 50 kwa selotepu pande zote nne, acha saa 24. Matone yakionekana ndani ya nailoni, au tofali likiwa limegeuka rangi ya giza chini yake, subiri wiki mbili upime tena. Bila matone, piga plasta mpya, iache siku 28, kisha rangi ya maji.